Haba na Haba na Kibaba Kinachovuja: Nani Aambiwe Azime Taa?

Kila bei ya umeme inapopanda nchini Kenya, wananchi huimbiwa wimbo mmoja. Redioni, magazetini na katika vikaratasi vinavyobandikwa kwenye kuta za ofisi, huambiwa wazime taa wasizozihitaji, wachomoe chaja ukutani, wapige pasi nguo za wiki nzima kwa mara moja na wasiufungue mlango wa jokofu ovyo. Wimbo huo umepewa methali yake, nayo ni ile ya haba na haba kujaza kibaba. Hapana mwenye akili timamu anayeweza kuupinga ushauri wa aina hiyo, kwani israfu ni israfu hata ikifanywa na tajiri. Hata hivyo, yapo maswali mawili ambayo waimbaji hawa aghalabu huyaruka. Huyo anayeambiwa aokoe, ana nini cha kuokoa? Na kile anachokiokoa, je, humfaidi yeye au huishia kwingine?

Maswali haya si ya kejeli. Jibu lake linaamua iwapo kampeni za kuokoa umeme ni elimu kwa umma au ni namna ya adabu ya kumtwika mnyonge lawama ya mzigo asioufunga yeye. Wahenga walikwisha kunena kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na ni wepesi ulioje kumhimiza mkaazi wa chumba kimoja cha mabati azime taa, ilhali taa hiyo ndiyo moja tu aliyo nayo.

Yafaa kuanza na hesabu, kwa kuwa mjadala huu umejaa hisia na umepungukiwa na tarakimu. Yuniti moja ya umeme ni kazi ya wati 1,000 kwa muda wa saa moja. Balbu ya kizamani ya wati 60, ile ya waya unaong'aa, ikiwashwa saa tano kila usiku humaliza yuniti 9 kwa mwezi. Balbu ya kisasa ya LED ya wati 9, yenye mwanga unaokaribiana na huo, humaliza chini ya yuniti moja na nusu kwa muda uo huo. Hapa kampeni zilifanya kazi ya maana. Mnamo mwaka wa 2010 kampuni ya usambazaji umeme iligawa bila malipo balbu zaidi ya milioni moja zisizotumia umeme mwingi, na tangu hapo soko lenyewe limeimaliza kazi. Leo si rahisi kuikuta ile balbu ya kale katika duka la mtaani. Kwa maneno mengine, akiba kubwa iliyokuwapo katika taa za maskini imekwisha kuvunwa.

Vipi kuhusu chaja? Simu ya kawaida ikichajiwa kila siku kwa mwezi mzima haimalizi hata yuniti moja. Chaja iliyosahauliwa ukutani bila simu hutumia kiasi kidogo mno hata mita za nyumbani hushindwa kukionyesha kwa siku. Pamoja na hayo, ushauri wa kuchomoa chaja hautoki vinywani mwa washauri, yamkini kwa sababu ni rahisi kuusema na haumuudhi mtu. Pasi ya wati 1,000 ikitumiwa nusu saa haizidi nusu ya yuniti. Runinga ya wati 50 ikitazamwa saa tano kila siku hufikisha yuniti saba na nusu kwa mwezi. Jokofu dogo, hata liwe jipya, huweza kula yuniti 20 hadi 30 kwa mwezi, na lile kuukuu lililonunuliwa la mitumba hula zaidi.

Sasa na itazamwe hita ya bafuni, ile inayofungwa juu ya bomba na kuyapasha maji moto papo hapo. Kifaa hicho huvuta wati 5,000 na zaidi. Mtu mmoja akioga kwa dakika kumi, hutumia zaidi ya robo tatu ya yuniti. Jamaa ya watu watano wanaooga hivyo mara moja kila siku hufikisha takriban yuniti 125 kwa mwezi, kwa kuoga tu. Kwa upande mwingine, mtu anayeoga kwa lita kumi za maji ya ndoo yaliyopashwa hadi kuwa vuguvugu hutumia chini ya theluthi moja ya yuniti. Anayeogea ndoo, basi, ndiye mweka akiba mkuu wa taifa hili, na hakuna kipindi cha redio kilichowahi kumshukuru.

Kutokana na hesabu hizi inadhihirika kwamba uwezo wa kuokoa haukugawanywa sawasawa. Walio wengi miongoni mwa wateja wa nyumbani nchini hutumia chini ya yuniti 30 kwa mwezi. Hao hawana cha kuzima isipokuwa wakae gizani. Wale wenye hita, majiko ya umeme, mashine za kufulia na majokofu mawili ndio wenye mafuta ya kukamuliwa, na hao ndio washauri wasiowagusa. Mwaka wa 2012 serikali ilitoa kanuni zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafungiwe mitambo ya kupashia maji kwa jua, na wenye majengo yaliyokuwapo wakapewa miaka mitano kutii. Hiyo ilikuwa hatua yenye shabaha, maana ililenga kile kifaa kinachokula kuliko vyote. Kanuni hizo hazikudumu. Majumba ya ghorofa yaliendelea kuchipuka Kilimani, Kileleshwa na kwingineko, kila bafu na hita yake, huku jua la ikweta likiyachoma mapaa matupu.

Wasomi nao wasijitoe katika lawama hii. Katika mabweni ya vyuo vikuu si ajabu kuona taa za ujia zikiwaka adhuhuri, na koili ya kuchemshia maji ikichemka ndani ya ndoo hali mwenyewe ametoka kwenda kwa jirani kupiga soga. Mwanafunzi haioni ankara ya umeme kwa kuwa imefichwa ndani ya karo. Tabia hiyo huenda naye hadi siku atakapopanga chumba chake, akutane na mita.

Naam, na mita yenyewe ndiyo kiini cha jambo. Tangu tarehe 1 Aprili 2023, mteja wa nyumbani nchini Kenya huwekwa katika daraja mojawapo kati ya matatu, kwa kufuata wastani wa matumizi yake ya miezi mitatu. La chini ni la wasiozidi yuniti 30 kwa mwezi. La pili ni la wanaozidi 30 hadi 100. La tatu ni la wanaozidi 100. Bei za msingi zilizotangazwa siku hiyo, kabla ya kodi na tozo, zilikuwa shilingi 12.22, shilingi 16.30 na shilingi 20.97 kwa kila yuniti. Kabla ya hapo, kuanzia mwishoni mwa mwaka wa 2018, kiwango cha kumlinda maskini kilifika yuniti 100. Kwa hiyo kilishushwa hadi chini ya theluthi yake, na jamaa yenye jokofu moja na runinga moja ikajikuta imehamishwa daraja bila ya kununua kifaa kipya.

Jambo ambalo wengi hawalifahamu ni kwamba mteja akipanda daraja, bei mpya huzihusu yuniti zake zote. Haizigusi tu zile zilizozidi. Kwa bei zile za Aprili 2023, mwenye kutumia yuniti 30 alitozwa shilingi 366.60 za msingi. Mwenye wastani wa yuniti 31 alitozwa shilingi 505.30. Yuniti moja iliyozidi ilimgharimu, basi, karibu shilingi 139. Hakuna sokoni bidhaa nyingine inayouzwa hivi. Muuza mahindi hamwambii mnunuzi kwamba akiongeza gunzi la nne, yale matatu ya kwanza nayo yatapanda bei.

Haikuwa hivi tangu jadi. Hadi mwaka wa 2018, kila mteja wa nyumbani alilipia yuniti 50 za kwanza kwa bei nafuu, kisha zilizofuata zikapanda bei. Kweli, wakati huo alitozwa pia ada ya kila mwezi isiyobadilika, atumie umeme asitumie, na ada hiyo iliondolewa mwaka huo wa 2018. Pamoja na dosari yake, utaratibu ule wa ngazi ulikuwa na insafu. Aliyepanda ngazi moja alilipia ile aliyoikanyaga, asidaiwe upya zile za chini.

Dhuluma ya utaratibu wa sasa huonekana wazi zaidi katika nyumba za kupanga, yaani ploti. Tuseme ploti moja ina vyumba kumi vilivyopangwa mstari mmoja, na vyote vinatumia mita moja iliyoandikishwa kwa jina la mwenye nyumba. Kila chumba kina balbu, redio, simu na labda runinga, na kwa mwezi kinatumia yuniti 12. Mpangaji huyu, kwa kipimo chochote cha haki, ni mtu wa daraja la chini kabisa. Hafiki hata nusu ya yuniti 30. Lakini mita haioni wapangaji kumi. Inaona mteja mmoja anayetumia yuniti 120, na mteja huyo huhesabiwa miongoni mwa matajiri. Kwa bei zile zile za msingi, yuniti 120 ziligharimu shilingi 2,516.40 badala ya shilingi 1,466.40. Tofauti ya shilingi 1,050 iligawanywa kati ya watu kumi wasioweza kuimudu, shilingi 105 kila chumba, kila mwezi.

Halafu watu hao hao ndio wanaohimizwa wazime taa! Hata wakizima, watazima hadi lini ndipo vyumba kumi vishuke chini ya yuniti 30? Ingebidi kila chumba kitumie yuniti tatu kwa mwezi, kiasi ambacho hakiitoshi runinga kwa majuma mawili. Katika hali kama hiyo, akiba ya mpangaji mmoja haimletei yeye nafuu yoyote ya bei. Na ikiwa ankara hugawanywa sawa kwa vyumba vyote, kama ilivyo desturi katika ploti nyingi, basi anayejinyima huwa anamlipia jirani anayepikia koili usiku. Kutokana na hali hii huzuka magomvi ya kila mwisho wa mwezi, na zile amri za wenye nyumba ambazo kila mpangaji wa Kenya anazijua: hita marufuku, pasi marufuku, jokofu kwa malipo ya ziada. Mama anayetaka kuuza maziwa na samaki wabichi kutoka chumbani kwake hukatazwa biashara na swichi.

Wapo watakaosema kwamba kosa ni la mwenye nyumba anayewauzia wapangaji umeme kupitia mita ndogo kwa bei aipendayo. Wapo wenye nyumba wa namna hiyo, na kuwatetea si kazi ya mtu. Lakini hata mwenye nyumba mwadilifu hawezi kuuza kwa bei ya chini kitu alichokinunua kwa bei ya juu. Mwingine atadai kwamba kila mpangaji na aombe mita yake mwenyewe. Mpangaji anayehama kila baada ya miezi minane kwa kufuata kibarua, ataiombaje mita katika jengo lisilo lake? Dawa iliyo karibu zaidi ni mbili. Kwanza, yuniti 30 za awali ziuzwe kwa bei ya chini kwa kila mteja, kama zilivyokuwa zile 50 za zamani, ili pasiwe na mtu wa kuanguka gengeni kwa sababu ya yuniti moja. Pili, mita inayotumiwa na kaya kadhaa igawanywe kwa idadi ya kaya kabla ya kupangiwa daraja. Itasemwa kwamba wenye nyumba watadanganya idadi ya vyumba. Huenda. Lakini serikali iliyoweza kuanzisha Nyumba Kumi ili kila jirani amjue jirani yake haiwezi kudai kwamba haijui kuhesabu milango.

Swali la pili lilihusu kibaba chenyewe. Methali ya haba na haba ni ya mwenye kibaba kizima. Cha umeme wa Kenya kinavuja. Katika mwaka wa fedha wa 2023/24, takriban asilimia 23 ya umeme ulionunuliwa kutoka kwa wazalishaji haukumfikia mteja yeyote aliyeulipia. Sehemu yake ilipotea kama joto katika nyaya na transfoma zilizochakaa, na sehemu yake iliibwa. Mdhibiti huruhusu sehemu kubwa ya upotevu huo iingizwe katika bei, kwa hiyo mwananchi aliyezima taa yake moja hulipia pia mwanga ambao haukumulika popote. Balbu ngapi za wati 9 zingelazimika kuzimwa ili kufidia karibu robo ya umeme wa taifa?

Kuhusu wizi, mara nyingi kidole huelekezwa katika mitaa ya mabanda, ambako nyaya huning'inia juu ya mapaa kama kamba za kuanikia nguo. Ni kweli kwamba umeme wa sambaza upo, na ni kweli vilevile kwamba umeua watu, wakiwemo watoto. Lakini ni busara kuuliza kwa nini mtu ahatarishe roho yake kwa ajili ya balbu. Aliyeko katika ploti ya mita moja, akiuziwa umeme kwa bei ya tajiri, hahitaji kushawishiwa sana na yule kijana anayepita na koleo akitoza kiasi kidogo kwa mwezi. Bei mbaya huzaa wizi, wizi huongeza upotevu, upotevu hupandisha bei.

Yapo pia mambo ambayo hayategemei taa ya mtu yeyote. Kwa miongo kadhaa Kenya iliutegemea mto Tana kupitia mabwawa ya Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere, na mvua ilipogoma umeme nao uligoma. Ukame wa 1999 na 2000 ulileta mgao mkali wa umeme ambao waliokuwa shuleni wakati huo wanaukumbuka kwa koroboi. Mnamo mwaka wa 2009 maji yalipungua hadi bwawa la Masinga likasimamisha mitambo yake. Kila mara nchi ilikimbilia jenereta za mafuta, na mafuta hayo yakalipiwa kupitia tozo ambayo hadi leo hupanda na kushuka katika ankara kila mwezi. Pembeni yake kuna tozo ya mabadiliko ya thamani ya shilingi, kwa sababu mikopo na baadhi ya mikataba ya uzalishaji ni ya fedha za kigeni. Pana pia ushuru wa asilimia 5 wa kusambaza umeme vijijini, tozo ya mdhibiti, tozo ya maji, na juu yake kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Shilingi ikidhoofika mbele ya dola, mkaazi wa Kangemi hulipa zaidi hata kama amelala mapema.

Mikataba nayo ina mambo. Mashamba ya upepo ya Turkana, yenye mitambo 365 na uwezo wa megawati 310, yalikamilika mapema mwaka wa 2017. Nyaya za kuubeba umeme huo kutoka Loiyangalani hadi Suswa, umbali wa zaidi ya kilomita 400, zilikamilika Septemba 2018. Kwa muda wote huo mapanga yalisimama na upepo ukipita, na serikali ikalazimika kukubali kulipa fidia kwa umeme usiotumika. Jopokazi lililoteuliwa Machi 2021 chini ya uenyekiti wa John Ngumi lilipendekeza bei ya wastani ishuke kutoka shilingi 24 hadi shilingi 16 kwa yuniti kabla ya mwaka huo kwisha. Punguzo la asilimia 15 lilikuja Januari 2022. Punguzo la pili lililoahidiwa halikuonekana.

Je, ndiyo kusema kwamba kuokoa umeme nyumbani ni kazi bure? La hasha. Kuna akiba moja iliyo muhimu mno, na ajabu ni kwamba haitajwi sana: akiba ya saa. Wakenya huhitaji umeme mwingi zaidi kati ya machweo na saa nne za usiku, wanaporejea nyumbani kwa pamoja, wakapika, wakapiga pasi, wakaoga. Katika saa hizo ndipo mitambo ya bei ghali huwashwa. Usiku wa manane hali hugeuka kabisa. Huko Olkaria, ambako visima vya jotoardhi havizimwi kama bomba, mvuke umekuwa ukiachiwa utoke hewani usiku kwa kukosa wanunuzi. Kwa hiyo yuniti ya saa moja jioni na yuniti ya saa tisa usiku si ndugu, ijapokuwa mita ya nyumbani huzihesabu kuwa pacha. Desemba 2017 viwanda vilianza kupewa umeme wa usiku kwa nusu ya bei. Mteja wa nyumbani hakutajwa. Lau naye angepewa bei ya usiku, angejaza tangi lake la maji moto alfajiri, angechemsha maharagwe na githeri kabla ya jogoo kuwika, angefua akiwa usingizini, na angelipunguzia taifa zima gharama ya mafuta. Mtu huokoa anapoona faida ya kuokoa. Mahubiri peke yake yamejaribiwa kwa miaka mingi.

Kwa wapenzi wa Kiswahili pana kichekesho kidogo hapa. Neno stima, ambalo Wakenya wa bara hulitumia kwa maana ya umeme, lilitokana na neno la Kiingereza la mvuke, na pwani lilikuwa jina la meli iliyoendeshwa kwa mvuke. Wasanifu wa lugha wamelidharau kwa muda mrefu wakilipendelea umeme, ambalo asili yake ni kile kimulimuli cha radi. Leo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya huzalishwa kwa mvuke wa ardhini. Mama muuza mboga anayelalamika kwamba stima imepanda anasema kweli kuliko kamusi.

Lakini suala la lugha katika jambo hili si la kuchekea tu. Mteja anaponunua tokeni kwa simu, hupokea ujumbe wenye tarakimu 20 za kubonyeza kwenye mita, na chini yake maneno ya mkato ya Kiingereza: kiasi kimoja kimeandikwa «TknAmt», kingine «OtherCharges». Ukiongeza viwili hivyo unapata pesa alizolipa. Ni nini kilichomo ndani ya hicho cha pili? Tozo ya mafuta, ya shilingi, ya maji, ya vijijini, ya mdhibiti na kodi, vyote vimefungwa katika fumba moja la Kiingereza kilichokatwakatwa. Ujumbe haumwambii mteja yumo katika daraja gani. Haumwambii kwamba amebakisha yuniti nne kabla ya kuvuka mpaka utakaompandishia bei ya yuniti zake zote. Anachokijua ni kwamba mwezi uliopita shilingi 500 zilimpa yuniti nyingi na mwezi huu zimempa chache, basi huhitimisha kwamba ameibiwa, au kwamba mita ina jini.

Kifungu cha 7 cha Katiba ya mwaka wa 2010 kimekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi mbili. Kifungu cha 46 kinampa mtumiaji wa bidhaa haki ya kupata habari anazozihitaji ili afaidike na bidhaa hiyo kikamilifu. Ukiviweka vifungu hivyo bega kwa bega, ni vigumu kuona udhuru wa kumwandikia mnunuzi wa umeme wa shilingi 50 kwa lugha ya wahasibu. Hakuna msamiati mgumu hapa. Daraja, wastani, tozo, kodi, yuniti, salio: yote ni maneno yanayotumika sokoni na matatuni. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu hutumia saa nyingi kujadili istilahi za kompyuta na za isimu, na si vibaya. Kazi ya kuisanifu ankara ya umeme kwa Kiswahili fasaha ingewachukua wanachama wake alasiri moja, wakaipeleka kwa mdhibiti wakati wa vikao vya kukusanya maoni ya umma, ambavyo sheria inavitaka kabla ya kila badiliko la bei, na ambavyo wanafunzi huhudhuria kwa nadra.

Sentensi ya kwanza ya ujumbe huo ingeweza kusema hivi: «Wastani wako wa miezi mitatu ni yuniti 26. Ukipita 30, bei ya kila yuniti itapanda.» Herufi zake hazifiki mia moja, na zinaingia katika simu ya bei ya chini kabisa.